Pepo Aliyetaka Redio

Chamima binti Nfaume alikuwa amechoka tangu kabla ya vita, kwa hiyo vita vilipofika havikumkuta na nguvu za kuvishangaa. Askari wa Kireno walipowatoa watu katika vijiji vya pwani na kuwakusanya ndani ya uzio wa waya, nje kidogo ya Mocímboa da Praia, wengine walilia, wengine walitoroka wakavuka Ruvuma. Yeye alibeba mkeka, chetezo, kinu na mkoba wake wa uganga, akauliza nyumba aliyopewa ni ipi, akaingia, akajinyoosha. Majirani walisema ana moyo wa jiwe. Hakuwa na moyo wa jiwe hata kidogo. Miguu ilikuwa inamuuma.

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Watu waliiita uganga wa pepo, na uganga huo una mizizi yake na mafusho yake na mengine mengi ya kutishia watoto, lakini ukiuchambua mpaka ndani unakuta swali moja tu: wewe uliyempanda mtu huyu, unataka nini? Mgonjwa anafukizwa ubani, ngoma inapigwa, pepo anapanda kichwani, na fundi anasogeza sikio mdomoni mwa mgonjwa na kuuliza. Pepo hujibu kwa sauti yake mwenyewe. Mmoja anataka kanga, mwingine anataka mbuzi, mwingine anataka mume aache kumpiga mwenye mwili. Mgonjwa akizinduka hakumbuki hata neno, maana si yeye aliyesema. Ni juu ya fundi kumwambia, yeye na watu wake. Kisha kinatafutwa kilichoombwa, na mara nyingi mtu anapona. Chamima hakupoteza muda kujiuliza kama anayesema ni pepo au ni mwanamke aliyepata ruhusa. Mapepo aliyaamini, na wanawake aliwaamini pia.

Yeye mwenyewe aliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa ugonjwa, kama mafundi wote. Alikuwa mke mbichi huko upande wa Palma wakati mumewe alipokamatwa kwenda kufanya kazi ya lazima katika mashamba ya katani, na mume huyo hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Chamima alilala akageukia ukuta. Shangazi yake, aliyekuwa fundi, alimfukiza na kumuuliza, akapanda pepo wa Kingazija, mwenye maringo, aliyetaka halua na marashi, na aamkiwe kwa heshima kama mtu mzima. Akapewa. Chamima akaamka, akala, na baada ya muda shangazi akamkabidhi mkoba. Aliolewa tena mara moja, lakini mume huyo wa pili alisema kuwa nyumba aliyokwisha kuhamia Mngazija haina nafasi ya mwanamume mwingine, akaenda zake. Chamima hakumfuata. Mtoto hakujaliwa kupata.

Sasa alikuwa na uvimbe chini ya titi la kushoto. Ulianza mdogo kama kunde, naye akauacha, maana aliona una haki ya kukaa pale kama vile watu walivyokaa ndani ya waya bila kupenda. Ulipoanza kumzuia kutwanga alikwenda kwa Sebastião, muuguzi wa kituo cha afya, kijana wa Kikristo kutoka uwanda wa juu. Sebastião alimpima kwa adabu, akiwa ametazama pembeni, huku sindano zake zikichemka juu ya jiko la mafuta ya taa.

"Bi mkubwa," alisema, "hili linataka kukatwa. Hapa hatukati. Nampula ndiko kuna madaktari, na kuna mashine ya kupiga picha ndani ya mwili. Lakini kutoka hapa unahitaji guia, na cheti hicho cha safari sitoi mimi."

"Anatoa nani?"

"Administrador, mkuu wa wilaya."

"Humpa nani?"

Sebastião alizitazama sindano zake. "Mimi sijaona aliyepewa," alisema, akamfungia aspirini katika kipande cha karatasi.

Chamima alimshukuru kwa dhati. Kijana yule hakumdanganya, na yeye alijua jinsi ilivyo kazi ngumu kutomdanganya mgonjwa.

Njiani alikuwa akiwaza jambo moja tu, na halikuwa Nampula. Waswahili husema mganga hajigangi, na kwa mafundi wa pepo hiyo si methali ya kupambia maneno, ni sheria. Pepo wa fundi haitikii wito wa kila mtu. Humwitikia yule aliyempa fundi mkoba, au yule aliyepewa mkoba na fundi huyo. Na kabla fundi hajafa, pepo wake lazima aitwe, aulizwe, aagwe. Asipoagwa hung'ang'ania. Chamima alimwona kwa macho yake fundi mmoja wa Palma aliyekufa bila kuagwa: siku baada ya siku roho inafika kooni na kurudi, mpaka watoto wake wakaomba hadharani afe. Sasa shangazi alikuwa kaburini, na wanawake ambao Chamima mwenyewe aliwakabidhi mikoba walikuwa ng'ambo ya Ruvuma, wakimbizi huko Mtwara na Lindi. Hapakubaki mtu wa kumuuliza. Kufa, alijiambia, si kitu. Watu wengi wamekufa, na hakuna aliyerudi kulalamika. Alichotaka ni aulizwe kwanza.

Buanali alipofika mlangoni kwake, basi, Chamima alikuwa na shida yake tayari. Buanali alikuwa mpakizi bandarini, mtu wa mabega mapana na maneno machache, mmoja wa wale walioruhusiwa kutoka getini asubuhi na kurudi jioni kwa baiskeli. Alimwamkia, akasimama akizungusha kofia mkononi.

"Ni mke wangu, Awa. Hali chakula. Hanywi ila nimlazimishe. Tangu mvua zianze hajanena neno. Sebastião kamtazama, anasema mwili hauna kitu."

"Kuna jambo limetokea nyumbani?"

"Hakuna," alisema Buanali, haraka kidogo.

Chamima alikwenda kumwona. Awa alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Chamima alipouona mgongo ule, mifupa imetokeza kama meno ya kitana, jambo la kwanza lililomjia halikuwa huruma. Aliwaza: huyu ana pepo mzito, na mwenye pepo mzito akipona hufaa kupewa mkoba. Huruma ilikuja nyuma yake, imechelewa, na Chamima aliona aibu. Lakini matumaini hayakuondoka kwa sababu ya aibu.

Shida ilikuwa ngoma. Komandanti wa askari wa pale alikuwa amezipiga marufuku, akisema ngoma za wenyeji ni simu za watu wa msituni. Za kwake Chamima zilichukuliwa siku ile ile ya kuhamia, na moja aliiona baadaye nje ya nyumba ya sajini, imegeuzwa kiti. Usiku napo watu walitakiwa kuwa ndani, taa zimezimwa. Lakini kutwanga hakukukatazwa. Komandanti mwenyewe alipenda kuona wanawake wakitwanga. Aliona ni dalili ya amani. Kwa hiyo Chamima alikusanya wanawake wa mtaa uani kwa Buanali, mchana jua kali, kila mmoja na kinu chake, akawapa mdundo. Mahindi ya posho yalikuwa haba, wakatwanga makapi. Mapepo nayo, yaliyozoea kupanda usiku wa manane, yakalazimika kufuata saa za serikali.

Michi ilishuka na kupanda, ardhi ikatikisika, ubani ukajaa chumbani. Awa alianza kutetemeka mabega, kisha akaketi, macho yamefumba. Kelele ya vinu ilikuwa kubwa mno, na hata waliokaa karibu hawakuweza kusikia. Chamima alitia sikio mdomoni mwa mgonjwa.

"Karibu, mgeni. Wewe uliyempanda Awa, unataka nini?"

"Nnataka redio," ilisema sauti, nene na kavu.

Chamima alidhani hakusikia vizuri. "Redio gani, bwana mkubwa?"

"Ya Dar es Salaam. Ya Kiswahili. Nnataka redio."

Katika maisha yake Chamima aliwahi kuombwa viatu vya Kizungu, saa ya mkono, na mara moja pepo wa bibi harusi aliomba cherehani, na watu walicheka mpaka ikapatikana. Lakini ndani ya waya, mtu aliyeshikwa akisikiliza Dar es Salaam aliondolewa alfajiri na gari, na nyumba yake ikapewa mwingine. Wanawake uani waliacha kutwanga, wakitokwa na jasho, wakingoja kusikia. Buanali alikuwa mlangoni.

"Anataka jogoo mweupe," alisema Chamima, "na marashi ya mawaridi."

Jogoo alitafutwa, akachinjwa. Marashi yalipatikana kwa Mhindi mjini. Mchuzi ulipikwa, Chamima akapelekewa paja kama ilivyo haki ya fundi, akalila, na halikuwa na ladha. Awa alimeza kijiko kimoja, akageukia ukuta wake. Siku zilipita. Sasa hata kuketi hakuweza, na midomo yake ilianza kupasuka.

Chamima alivumilia kadiri alivyoweza, yaani kidogo. Jioni moja alijikokota mpaka kwa Buanali, akamkuta ameipindua baiskeli, anatia mafuta mnyororo.

"Shikamoo, Bi Chamima."

"Marahaba. Buanali, yule pepo hakutaka jogoo."

Buanali aliinua kichwa. "Alitaka nini?"

"Redio. Ya Dar es Salaam."

"Na wewe ukanichinjisha jogoo?"

"Nilikuogopea. Na nafsi yangu niliiogopea. Ungekamatwa, wangeuliza nani kakutuma."

Alingoja atukanwe, na alikuwa ameamua kwamba atayapokea matusi yote bila kujibu. Lakini Buanali aliketi chini, mikono imejaa mafuta meusi, akasema polepole kama mtu anayeshusha gunia begani. Watu waliambiwa kuwa mtoto wao, Abacar, yuko Tanga anafanya kazi kiwandani. Haikuwa kweli. Abacar alikwenda kwa watu wa msituni, na kabla ya mvua mchuuzi mmoja wa Namoto aliwaletea habari kwamba ameuawa, huko bara, mahali ambapo hata mchuuzi hakupajua jina.

"Nikiweka matanga, askari sipai watauliza matanga ya nani," alisema Buanali. "Nikisoma hitima, watauliza hitima ya nani. Nilimwambia Awa: usilie. Jirani akisikia, atatusema. Ukilia, mwanamke, umetuua sote. Basi hakulia. Hata siku moja. Mimi nnakwenda bandarini, nnalia ndani ya shehena huko, nnarudi. Yeye aende wapi?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa mtu alikuwa amefichishwa maradhi kwa amri, akatii kuliko alivyotakiwa.

Redio ilitoka kwa Bernardino, Mmakonde wa uwanda wa juu aliyekuwa mpishi kambini. Askari mmoja aliyemaliza muda wake wa jeshi alikuwa amemwachia, ndogo, ya kubeba mkononi, kifuniko kimepasuka na kufungwa kwa kamba. Bernardino aliibadilisha kwa baiskeli, na hakuuliza ni ya nini, maana naye alikuwa na watu wake msituni. Buanali aliiingiza getini chini ya kapu la dagaa walioanza kunuka, na sipai wa zamu, Momade, akaziba pua, akamwashiria apite. Tangu siku hiyo Buanali alikwenda bandarini kwa miguu.

Waliiwasha alasiri, chumbani, sauti chini kabisa, na uani wanawake wakitwanga kuifunika. Zilitoka nyimbo, zikatoka habari za bei ya korosho, zikatoka hotuba. Awa hakugeuka. Chamima alianza kufikiri kwamba pepo yule alikuwa anawachezea. Kisha muziki ulinyamaza, na mtangazaji akaanza kusoma kwa sauti ya pole, bila haraka, matangazo ya vifo. Bwana Saidi Chilumba wa Lindi anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana. Habari ziwafikie ndugu zake wa Kilwa na Mikindani, na jamaa wote popote walipo.

Awa aligeuka.

"Mama yake," alisema. Lilikuwa neno la kwanza tangu mvua. "Masikini. Mama yake mzazi."

Akaanza kulia. Alilia kwa ajili ya bibi wa Lindi ambaye hakumjua, wala hakujua kama alikuwa mwema au mchokozi wa majirani. Akafuata fundi wa saa wa Kilwa, akafuata mtoto wa Masasi aliyeugua kwa muda mfupi, na kila mmoja Awa alimlilia kwa zamu yake, akisema innalillahi, akimtaja jina. Buanali alikaa mlangoni ameficha uso. Chamima ndipo alipoelewa pepo alichotaka. Huko ng'ambo mtu akifa alitajwa kwa jina, kwa sauti, mbele ya nchi nzima, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Siku ile Awa alikunywa uji, akaomba wa pili.

Ikawa hivyo kila alasiri. Vinu vilianza, redio ikawashwa, Awa akazika watu wa Tanganyika nzima. Momade alipita mara moja akashangaa.

"Nyinyi akina mama mnatwanga nini kila siku? Posho yenyewe kiganja."

"Makapi, baba," alijibu jirani mmoja bila kukosa pigo. "Tunashiba kwa sauti."

Momade alicheka, akaomba apewe makapi kidogo kwa ajili ya kuku wake, akapewa.

Jina la Abacar halikutajwa. Kama Awa alilisubiri, hakusema. Lakini mwili ulimrudi, na siku moja Chamima alimkuta uani, mchi mkononi, anatwanga na wenzake.

Chamima aliifikiria sana redio ile, tena kwa wivu kidogo. Miaka yote amefukiza watu, amekesha, ametiwa moshi machoni mpaka yakawa mekundu, na sasa kisanduku kilichofungwa kwa kamba kinamponyesha mtu bila ubani wala jogoo. Kisanduku chenyewe hakina magoti ya kuuma. Alikaribia kukasirika. Halafu akaona kuwa redio husema, na husema vizuri, lakini haijui kuuliza. Isingemjua Awa hata kama angekufa kwa njaa mbele yake. Ilibidi mtu akae chini, atie sikio, asikie redio ikiombwa. Kazi ilikuwa bado ipo. Ni yeye aliyekuwa amekwisha.

Maana uvimbe sasa ulikuwa umepasuka, na harufu yake aliifunika kwa udi. Betri za redio nazo zilianza kufa, na mpya hazikuuzwa bila kibali. Awa alizitoa kila asubuhi akazianika juani, na kando yake alitandika mkeka wa Chamima, aliyekuwa akisikia baridi hata mchana. Majirani waliwatania kwamba Bi Chamima na betri wameanikwa pamoja, tuone nani atawahi kuwaka. Chamima alicheka nao. Siku hizo ndizo alizotumia kumfundisha Awa: mizizi ipi ni ya kufukiza na ipi ya kuoga, mdundo upi ni wa pepo wa bahari na upi wa pepo wa bara. Awa alikuwa mwepesi wa kushika. Redio iliponyamaza kabisa, hakuiombolezea. Aliifunga katika kitambaa, akaitia kwenye mkoba aliokabidhiwa.

"Neno la pepo ni amana," Chamima alimwambia. "Likabidhi kama ulivyolipokea. Ukilipunguza, mgonjwa ndiye anayelipa. Mimi nimelipunguza mara nyingi. Mara nyingine niliokoa ndoa. Mara nyingine nilikula jogoo wa bure."

"Wa kwangu alikuwa mtamu?" aliuliza Awa.

"Hakuwa na ladha kabisa, mwanangu."

Alimweleza basi yote, tangu redio mpaka marashi ya Mhindi. Awa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ameshajua. Buanali alikwisha kumwambia. Hakusema kama amemsamehe. Aliendelea kumkanda miguu.

Siku aliyoona kwamba hawezi tena kujigeuza bila kushikwa, Chamima alisema ni wakati. Wanawake waliingiza vinu uani kwake. Ilikuwa mchana, kama kawaida ya mapepo ya siku hizo. Awa alifunga kanga kiunoni, akatia ubani juu ya makaa taratibu, kama mtu anayemwosha maiti kwa mara ya kwanza. Chamima alitaka kumwambia azidishe moto. Alisikia michi ikianza, ya mbele na ya nyuma, akaona mdundo unajikokota kidogo upande wa kushoto, akafikiri atawaonya baadaye. Moshi ulimfika. Kisha hakujua kitu.

Alizinduka na maji usoni. Uani kulikuwa kimya, wanawake wamesimama na michi yao, wakitazama ndani. Awa alikuwa amepiga magoti karibu naye, macho yamevimba.

"Kanena nini?" Chamima aliuliza.

Awa alipangusa maji kwenye shingo ya Chamima kwa ncha ya kanga.

"Mama, nikwambie kama ulivyomwambia Buanali mara ya kwanza, au kama ulivyomwambia mara ya pili?"

Chamima alitaka kucheka, kifua kikakataa. "Ya pili. Jogoo wenyewe hatuna."

"Hakutaka kitu," alisema Awa. "Nimemuuliza tena na tena, nimemtajia halua, nimemtajia marashi. Kasema hataki. Kasema kakaa nawe tangu u msichana, na hukumkosea heshima hata siku moja. Sasa anatoka. Kasema tusikuchoshe kwa dawa."

Ndilo jambo alilokuwa akilitaka. Ameulizwa, ameagwa, roho yake haitapata cha kung'ang'ania. Chamima alingoja faraja ije, kama alivyoiona ikiwajia wengine kwenye mkeka ule ule. Badala yake aliona ndani yake patupu, kama chumba wapangaji wakiisha kuhama, na mara akajua kwamba yale aliyokuwa akijiambia kuhusu kufa yalikuwa maneno ya mtu mwenye mwenzake. Sasa hakuwa na mwenzake wa kumsemea.

"Nnaogopa, Awa," alisema. "Nnaogopa kufa. Sitaki."

Alisema kwa mdomo wake mwenyewe, na kwa kuwa vinu vilikuwa vimenyamaza, wote walisikia.

Awa hakumwambia asiogope. Alimshika mkono, akafungua kinywa, na kilio kikatoka. Hakikuwa kile cha chini chini cha mbele ya redio. Kilikuwa kilio cha msiba, cha wazi, cha kupasua mchana. Alilia, "Mama yangu ee! Mama yangu!" Wanawake waliangusha michi wakaingia, wakaanguka chini, wakapokea. Kifo cha wengi harusi, wamesema wahenga, na ndani ya uzio ule hapakuwahi kuwa na kifo ambacho watu waliruhusiwa kukilia pamoja. Wangesema bibi mzee amekufa kwa ugonjwa. Ni komandanti gani atakataza hilo? Mmoja alimlilia mama yake, kisha, bila kubadili sauti, akamlilia mume wake kwa jina. Mwingine akataja ndugu zake. Na Awa, amelaza uso kifuani mwa Chamima, upande usio na kidonda, akapaza sauti mpaka ikatoka nje ya ua, "Abacar! Mwanangu Abacar! Abacar ee!"

Buti zilikuja mbio. Momade alisimama mlangoni, bunduki mkononi, akaona wanawake wamejaa sakafuni, nywele wazi, kanga zimewadondoka.

"Nani kafa humu?" aliuliza.

"Bi Chamima," alijibu Awa, na hakuacha kulia.

Chamima alifumba macho, akaizuia pumzi kadiri alivyoweza, ili wapate kulia.